Injini yetu ya mvuke inasimama baada ya mapigo matatu: tuongeze presha?

*"Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari mjini Mbeya. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wanaandaa kielelezo cha injini ya mvuke ya wakati wa Mapinduzi ya Viwanda kwa ajili ya maonesho ya sayansi. Boila ni kopo la chuma la maziwa ya unga, moto ni taa ya spiriti, na silinda ni bomba la sindano la plastiki la ml 60 lililosimamishwa wima, mdomo chini. Mvuke ukiingia pistoni inapanda. Tukibana mrija wa mvuke na kuingiza ml 5 za maji baridi, pistoni inashuka na kunyanyua nusu kilo upande wa pili wa boriti. Lakini baada ya mapigo mawili au matatu inagoma, ilhali maji kwenye kopo bado yanachemka. Mwalimu mwenzangu anashauri tuzibe kopo kabisa ili presha ipande, maana hata James Watt aligundua injini ya mvuke alipoona mvuke ukirusha kifuniko cha birika. Je, tuzibe?"*

Hapana, Mwalimu, msizibe. Hilo naliweka mbele ya mengine yote, na sababu zake nitazieleza kwa hesabu huko chini. Kwanza niwapongeze, kwa kuwa mmetengeneza kitu kinachofanya kazi hata kama ni kwa mapigo matatu tu. Tena ugonjwa mlioupata ni uleule aliokutana nao Watt mwaka 1763 na 1764 akiwa na kielelezo kidogo kama chenu. Kielelezo chake nacho kilipiga mara chache kikasimama, na boila yake nayo ilikuwa inachemka vizuri.

Tuanze na birika, kwa sababu ndilo linalowapoteza. Watt alizaliwa Greenock, Scotland, mwaka 1736. Injini ya mvuke ya Thomas Newcomen ilikuwa imeanza kuvuta maji mgodini karibu na Dudley, katikati ya Uingereza, tangu 1712, yaani miaka 24 kabla Watt hajazaliwa. Kabla ya hapo Thomas Savery alikwishapata hataza (haki ya kisheria ya mbunifu) ya pampu yake ya mvuke mwaka 1698. Kwa hiyo Watt hakugundua injini ya mvuke. Aliikuta ikiwa imeenea migodini, akaitibu ugonjwa wake mkubwa. Birika kweli alilitumia, ila akiwa mtu mzima na kwa jaribio la kupima: alichomeka mrija wa kioo uliopindwa kwenye mdomo wa birika, akapeleka mvuke kwenye maji baridi, akaona mvuke kidogo tu unaweza kupasha maji yenye uzito wa karibu mara sita ya uzito wake hadi kufikia kuchemka. Hadithi ya kifuniko kinachorushwa inamfanya msomaji aamini kwamba mvuke unasukuma. Katika injini mliyotengeneza, mvuke hausukumi kitu chochote cha maana.

Kinachofanya kazi ni hewa ya Mbeya. Gramu moja ya mvuke wa kawaida hujaza takriban lita 1.67. Ukiupoza ukarudi kuwa maji, gramu hiyohiyo inakaa kwenye mililita moja. Silinda iliyokuwa imejaa mvuke inabaki karibu tupu, ombwe linatokea, na hewa iliyo nje inaikandamiza pistoni kutoka juu. Kupanda kwa pistoni ni kazi ya uzito wa upande wa pili wa boriti. Mvuke unaingia tu kujaza nafasi, ukiwa na kanieneo, yaani presha, iliyozidi kidogo ile ya hewa ya nje. Injini ya Dudley ilikuwa na silinda yenye kipenyo cha sentimita 53 na kimo cha karibu mita 2.4. Ilipiga mara 12 kwa dakika, kila pigo likiinua lita 45 hivi za maji kutoka kina cha zaidi ya mita 45. Yote hayo yalifanywa na uzito wa hewa. Ndiyo maana watu wa fani hii huiita injini ya hewa, na ndiyo maana kuongeza presha kwenye kopo hakutawasaidia. Kazi yenu inafanyika wakati mvuke unapotoweka, na wakati huo mrija wa kopo umebanwa.

Kwa kuwa mko Mbeya, kuna jambo ambalo mwenzenu wa Tanga asingekuwa na haja ya kulifikiria. Mji wenu uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa hapo inakandamiza kwa kilopaskali 83 tu badala ya 101, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au zaidi kidogo. Bomba la sindano la ml 60 lina kipenyo cha ndani cha karibu milimita 26, yaani eneo la sentimita 5.3 za mraba. Ombwe likiwa kamili mngepata nyutoni 44. Tanga wangepata 53. Ombwe halitakuwa kamili hata siku moja, na mpira wa pistoni unakula nyutoni kadhaa kwa msuguano. Kwa hiyo mkinyanyua kilo moja mtakuwa mmefanya vizuri sana, na nusu kilo mliyoweka ni mwanzo wa busara.

Sasa kwa nini inagoma? Ziko sababu nne, na zote zinafanya kazi kwa pamoja, lakini ya kwanza ndiyo mama.

Mvuke unaojaza ml 60 una uzito wa gramu 0.036 tu. Joto fiche lake, yaani joto unalolitoa unapogeuka maji, ni jouli 81 hivi. Bomba lenyewe la plastiki lina uzito wa takriban gramu 25. Kulipasha kutoka nyuzi 30 hadi karibu 100 kunahitaji zaidi ya jouli 3,000. Linganisheni: ukuta wa silinda unaweza kumeza joto mara 40 ya lile lililomo kwenye mvuke unaofanya kazi! Kweli, ukuta wote haupoi na kupata moto upya kila pigo, ni tabaka la ndani tu. Hata hivyo hasara ni kubwa. Taa ya spiriti inayoingiza wati 100 kwenye maji inatoa ml 70 hivi za mvuke kwa sekunde, kwa hiyo silinda yenye joto ingejaa ndani ya sekunde moja. Kama ukuta mzima umepoa, mvuke wa nusu dakika unaishia kupasha plastiki, na pistoni haijapanda hata kidole kimoja. Mapigo mawili ya kwanza yanafanikiwa kwa sababu mlianza na bomba lililopashwa vizuri wakati mkisubiri. Halafu maji baridi yanaliharibu.

Hapa ndipo penye utamu wa historia. Watt alikuwa fundi wa vyombo vya kisayansi katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na Profesa John Anderson alikuwa na kielelezo cha injini ya Newcomen alichotumia kufundishia. Kilikuwa kibovu, Watt akapewa akitengeneze. Silinda yake ilikuwa na kipenyo cha inchi mbili. Akakitengeneza, kikapiga mara chache, kikaishiwa mvuke. Fundi mwingine angesema boila ni ndogo, akaweka kubwa zaidi. Watt aliuliza mvuke unakwenda wapi, akapima, akakuta silinda inatumia mvuke wa mara kadhaa ya ujazo wake kwa kila pigo. Uliozidi ulikuwa unapasha ukuta uliopozwa na maji ya pigo lililotangulia. Akaona pia kwamba silinda ndogo inaumia zaidi kuliko kubwa. Ukipunguza kipenyo na kimo kwa nusu, ujazo unapungua mara nane lakini eneo la ukuta linapungua mara nne tu, kwa hiyo kila tone la mvuke linakutana na ukuta mwingi zaidi. Injini ya Dudley iliweza kuvumilia hasara hiyo. Ya Glasgow ilishindwa, na yenu, iliyo nusu ya kipenyo cha ile ya Glasgow, inashindwa zaidi. Msiwaache wanafunzi wadhani wameharibu kazi. Kielelezo kidogo cha Newcomen kinagoma kwa kawaida yake, na kile cha Watt bado kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Hunterian hapohapo Glasgow.

Sababu ya pili ni maji mnayoingiza. Mililita 5 ni nyingi mno. Ili kugeuza gramu 0.036 za mvuke kuwa maji inatosha mililita moja, tena itapanda joto kwa nyuzi 20 tu. Zile nne zilizozidi zinabaki chini ya silinda, na mvuke wa pigo linalofuata unalazimika kuzipasha kwanza: zaidi ya jouli 1,000 nyingine zimepotea. Mkiacha ukuta uwe wa moto na maji yakabaki ndani, mnapata tatizo la upande wa pili, kwa kuwa maji huchemka kwa joto dogo kanieneo ikishuka. Kwenye nusu ya kanieneo ya usawa wa bahari yanachemka kwa nyuzi 81. Ukuta wa moto unayachemsha upya ndani ya ombwe, mvuke mpya unajaza nafasi, na pistoni inaishiwa nguvu katikati ya safari. Mafundi wa Newcomen waliishi na mkwamo huo kwa zaidi ya miaka 50: poza sana upoteze makaa, poza kidogo upoteze nguvu. Kila injini ilirekebishwa mpaka ikapatikana suluhu ya katikati, na suluhu hiyo ilikula makaa mengi.

Ya tatu ni hewa. Mvuke unapozwa ukawa maji. Hewa haigeuki kitu. Inaingia kwa kuvuja kando ya mpira wa pistoni na kwenye viungio vya mirija, na nyingine inatoka kwenye maji yenyewe. Mapigo yakiongezeka, hewa inajikusanya chini ya pistoni na kuikinga isishuke. Newcomen aliweka vali ndogo ambayo mvuke ulipoingia uliisukuma hewa nje kwa mluzi. Ninyi hamna vali hiyo.

Ya nne ni mpira wenyewe. Ukipata joto unavimba, na mafuta ya silikoni ya kiwandani yanaoshwa na mvuke, hivyo msuguano unapanda mara mbili au tatu. Usipake mafuta ya kujipaka ya petroli. Yanauvimbisha mpira wa asili. Tumieni grisi ya silikoni, au mafuta ya mnyonyo kidogo sana.

Turudi kwenye kuziba kopo. Tuseme mmeziba, taa inaendelea kuwaka, na presha ikafika baa moja juu ya hewa ya nje. Kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 10 kina eneo la sentimita 78 za mraba, kwa hiyo kinasukumwa na nguvu ya karibu kilo 80. Kopo la maziwa halikutengenezwa kwa ajili hiyo. Kibaya zaidi ni maji yaliyomo. Kwa karibu baa mbili, ukijumlisha na hewa ya nje, maji yanafika nyuzi 120 hivi bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje. Kopo likipasuka, karibu asilimia 5 ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo. Lita moja tu ya maji inatoa kama lita 100 za mvuke mbele ya nyuso za watoto, pamoja na maji yanayochemka na vipande vya bati. Geji ya presha haiondoi hatari hiyo. Inawaonyesha tu namba kabla ya mlipuko.

Walioijenga teknolojia hii walilipia somo hilo kwa maisha ya watu. Richard Trevithick wa Cornwall ndiye aliyeingia kwa nguvu kwenye mvuke wa presha kubwa, ambao kweli unasukuma pistoni. Mwaka 1803 mojawapo ya boila zake ililipuka Greenwich, London, ikaua watu wanne. Baada ya hapo alisisitiza boila iwe na vali mbili za usalama, na plagi ya madini ya risasi inayoyeyuka maji yakipungua kupita kiasi. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Februari 1804, garimoshi lake lilivuta tani 10 za chuma na watu 70 kwenye reli ya Penydarren, Wales, kwa safari ya kama kilomita 16 iliyochukua saa nne na dakika chache. Magarimoshi yote yaliyofuata ni ya ukoo huo wa Trevithick, yakiwemo yale makubwa ya Garratt ya daraja la 59 mnayoweza kuyaona kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Watt aliupinga mvuke wa presha kubwa maisha yake yote, na kwa mabati ya wakati wake siwezi kumlaumu. Kwenye maonesho yenu jitambulisheni kuwa ni watu wa Newcomen na Watt. Mtalala usingizi.

Kuhusu boila basi, fanyeni hivi. Toboeni kifuniko, mpitishe mrija wa usalama ambao mwisho wake wa chini unafika karibu na kitako cha kopo, ndani ya maji, na mwisho wa juu uko wazi, sentimita 30 juu ya usawa wa maji. Mfunge kwenye kijiti usianguke. Mdomo wa juu uelekezwe ndani ya kopo tupu lililofungwa hapohapo juu, wala usirudishwe chini, kwa sababu ukirudi chini ya usawa wa maji utayafyonza maji yote ya moto kutoka kwenye boila. Kanieneo ndani haiwezi kuzidi ile ya sentimita 30 za maji, yaani kilopaskali 3. Ikizidi, maji yanasukumwa juu na kumwagika mnakoona. Mrija huu una faida ya pili: mtu akisahau kubana mrija wa mvuke wakati wa kupoza, ombwe litavuta hewa kupitia humo badala ya kulikunja kopo. Jazeni maji nusu ya kopo, na mzime taa kabla hayajafika robo. Hiyo presha ndogo ndiyo inayohitajika, hakuna zaidi.

Sasa tiba yenyewe. Nawapa njia tatu, nanyi mtapima muda mlio nao.

Ya rahisi ni kubaki na injini ya Newcomen na kuipunguzia maumivu. Fungeni bomba la sindano kwa tabaka tatu za kitambaa kizito au sifongo. Ingizeni mililita moja ya maji, si tano. Baada ya kila pigo fungueni njia ya chini maji yatoke kabla ya mvuke kurudi, na acheni mvuke upite hadi utoke ukiwa mkavu, ndipo mbane. Mtapata pigo moja kila sekunde 20 au 30, pengine mapigo 10 mfululizo. Ni polepole, lakini ni kielelezo cha kweli cha mwaka 1712, na mtazamaji ataelewa kwa nini injini hizo zilikula makaa kiasi kile. Kazi ni ya jioni moja.

Ya pili ndiyo ninayoipendekeza kama mna wiki mbili: fanyeni alichofanya Watt. Mwaka 1765 alitambua kwamba si lazima mvuke upozwe ndani ya silinda. Ukiunganisha silinda na chombo kingine chenye ombwe, mvuke utakimbilia huko wenyewe na kupozwa hukohuko. Silinda inabaki ya moto siku nzima, na chombo cha pili kinabaki baridi siku nzima. Hicho ndicho kondensa, jina lilelile wanalotumia mafundi friji. Na hapa wanafunzi wenu watafurahi: jaribio lake la kwanza alilifanya kwa bomba la sindano la shaba lenye kipenyo cha inchi moja na robo tatu na urefu wa inchi 10, na kondensa ya bati. Liliinua ratili 18 hivi, yaani kilo 8.

Vifaa ni mita moja ya bomba la shaba la milimita 6 kutoka kwa fundi friji, ndoo ya lita 5 ya maji, mirija ya silikoni, na vali tatu za plastiki za njia tatu, zile zinazotumika kwenye dripu hospitalini. Kunjeni shaba mzunguko mzunguko kuizungusha chupa, taratibu isije ikajikunja na kuziba. Iwekeni ndani ya ndoo, chini ya usawa wa silinda, ili maji yatiririke kuteremka bila kukwama. Vali ya kwanza iwe chini ya silinda: upande mmoja mvuke, upande wa pili kondensa. Vali ya pili iwe mwisho wa chini wa kondensa, ikiwa na bomba la pili la sindano la kuvuta hewa na maji. Watt naye alikuwa na pampu ya namna hiyo. Bila pampu injini yake ingejaa hewa na kusimama kama yenu. Vali ya tatu ni ya akiba, kwa sababu moja itavuja.

Kuiwasha kunataka subira. Chemsheni maji dakika tano kwanza ili hewa iliyomo itoke. Kondensa ikiwa bado nje ya ndoo, pitisheni mvuke kwenye silinda na kondensa hadi utoke mwisho wa chini kwa dakika moja nzima. Funga mwisho huo, tumbukiza kondensa kwenye maji baridi. Zungusha vali ya juu: mvuke unafungwa, njia ya kondensa inafunguka, pistoni inashuka kwa kishindo. Rudisha vali, mvuke unaingia, uzito wa upande wa pili unainua pistoni. Kila mapigo matatu vuteni hewa na maji kwa bomba la pili, zungusheni vali, mwage nje. Silinda ifungwe kitambaa hapa pia. Watt aliizungushia silinda yake koti la mvuke. Joto lote la wati 100 likimwagwa kwenye lita 5, maji yanapanda nyuzi 17 hivi kwa saa, kwa hiyo badilisheni kila nusu saa. Faida nyingine: kwa kuwa maji baridi hayagusi tena silinda, mnaweza kutumia bomba la sindano la kioo lenye pistoni ya kioo, ambalo msuguano wake ni mdogo sana. Kwa njia ya kwanza kioo kingepasuka.

Kasoro zake? Viungio ni vingi, na kila kiungio ni mlango wa hewa. Jaribuni kwanza pakiwa baridi: vuteni ombwe kwa bomba la pili, mfunge, muone kama pistoni inakaa chini kwa dakika moja. Ikirudi juu polepole, tafuteni panapovuja kabla ya kuwasha moto. Msikate tamaa kwa kuvuja. Watt alikuwa na wazo kamili mwaka 1765, akapata hataza 1769, lakini injini zake za kwanza za biashara zilianza kazi 1776. Wazo lilisubiri silinda nzuri. Newcomen alikuwa akiziba pistoni kwa ngozi na kumwaga maji juu yake; Watt asingeweza, kwani maji yangepoza silinda, akabaki na katani na shahamu, na hizo zilihitaji silinda iliyonyooka. John Wilkinson ndiye aliyemwokoa, kwa mbinu alizoziendeleza kutoka mashine aliyoibuni 1774 kwa kutoboa mizinga. Mashine za zamani zilishika kisu kwenye ncha ya mtaimbo, kikafuata upotovu wa tundu lililotoka kwenye kalibu. Wilkinson aliupitisha mtaimbo silinda nzima na kuushikilia pande zote mbili. Matthew Boulton, mshirika wa Watt wa Birmingham, aliandika kwamba silinda ya inchi 50 haikukosea popote kwa unene wa sarafu kuukuu ya shilingi.

Njia ya tatu ni ya siku mtakapoona muda umekwisha: acheni pistoni, mchukue kopo la soda, mweke vijiko viwili vya maji, mchemshe dakika moja hadi mvuke utoke kwa nguvu, kisha mlipindue kwa koleo ndani ya beseni la maji baridi. Linajikunja mara moja. Halizungushi gurudumu wala kuinua mzigo, lakini linaonyesha kwa sekunde moja hewa inavyofanya kazi. Mimi ningeliweka mezani hata kama njia ya pili imefanikiwa.

Kwenye bango lenu la maelezo msiandike kwamba Watt aliifuta injini ya Newcomen. Boulton na Watt waliwatoza wateja theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa, na mkataba huo ulikuwa na maana Cornwall, ambako migodi ya bati na shaba iliagiza makaa kwa meli kutoka Wales. Mwenye mgodi wa makaa alikuwa na makaa madogo yasiyouzika yamerundikana uani. Akiba ya nini? Huko Elsecar, Yorkshire, injini ya aina ya Newcomen ilijengwa 1795, miaka 30 baada ya wazo la kondensa, ikafanya kazi hadi 1923. Ipo palepale hadi leo.

Zipo kazi ambazo msizifanye kwa maelezo ya maandishi peke yake. Kuunga shaba kwa moto kufanywe na fundi friji kwenye karakana yake, wanafunzi wakitazama kwa mbali. Mkishawishika siku moja kujenga boila ya kweli yenye presha, hata ndogo, mwoneni mhandisi wa mitambo wa chuo kilicho karibu nanyi kabla ya kukata bati la kwanza, na ulizeni ofisi ya kanda ya OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kuhusu ukaguzi, maana boila ni chombo kinachokaguliwa kisheria. Kwa kielelezo hiki cha kilopaskali 3 mnahitaji miwani ya maabara, glavu za kitambaa kizito kwa anayezungusha vali, na watazamaji wasogee mita moja na nusu. Spiriti isiongezwe taa ikiwa inawaka au bado ina moto. Mtu akiungua kwa mvuke, mahali hapo pamwagiwe maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, mafuta wala ute wa yai. Akiungua usoni, viganjani, au eneo linalozidi kiganja chake, apelekwe hospitali baada ya hizo dakika 20, hata kama anasema hasikii maumivu.